Kupiga Kambi Mlimani na Farasi: Panga Usiku wa Farasi Kwanza

Kupanda farasi mchana na kumlaza msituni usiku ni kazi mbili tofauti. Mchana farasi yuko mkononi mwa mtu. Usiku yuko peke yake gizani kwa muda wa saa 10 au 12, amefungwa mahali asipopajua, na kila tawi linalovunjika linamshtua. Majeraha ya kamba miguuni, farasi kutoroka, msokoto wa tumbo, miti kutafunwa maganda: mengi ya hayo huanzia usiku. Kwa hiyo mpango wa safari uanze na swali moja: farasi watafungwa wapi, kwa namna gani, na watakuwa wanatafuna nini hadi asubuhi? Hema la watu lije baadaye.

Kabla ya kuondoka

Farasi asifundishwe kamba ya juu, yaani kamba inayokazwa kati ya miti miwili juu ya kichwa chake ili afungwe hapo, kwa mara ya kwanza akiwa msituni. Ifunge nyumbani, mlaze hapo usiku mbili au tatu, na uangalie anavyofanya: anachimba ardhi kwa kwato, anazunguka, anatafuna kamba, au anatulia? Ukitaka kutumia pingu za miguu ya mbele, anza na dakika 10 hadi 15 kwa siku, kwenye ardhi laini isiyo na mawe. Siku ya kwanza wengi huruka na kuanguka magoti, na ni heri waangukie majani kuliko changarawe. Mfundishe pia kunywa kutoka kwenye ndoo ya turubai. Wapo farasi wanaokataa chombo wasichokijua hata wakiwa na kiu.

Chakula kipya kiingizwe polepole kwa siku 7 hadi 10. Vijidudu vya utumbo mkubwa wa farasi huzoea aina moja ya malisho, na mabadiliko ya ghafla huleta gesi, msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato. Kama atakula peleti za nyasi kambini, yaani vidonge vya nyasi zilizosagwa na kushindiliwa, aanze kuzila nyumbani.

Fundi wa kwato aje wiki moja au mbili kabla ya safari, si siku ya mwisho. Msumari uliopigwa karibu mno na nyama hujionyesha baada ya siku kadhaa, farasi anapoanza kuchechemea, na ni bora achechemee akiwa zizini. Bebeni kiatu kimoja cha mpira cha kuvalisha juu ya kwato, kilichokwisha kupimwa kwenye mguu wa farasi mwenyewe. Kikiwa kipana kitageuka kwenye mteremko, na kikibana kitachubua kisigino.

Hesabu ya chakula huamua urefu wa safari

Farasi wa kilo 450 anahitaji malisho makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 7 hadi 9. Kwa kazi ya kupanda milima huweza kufika asilimia 2.5, karibu kilo 11. Sasa piga hesabu: farasi watatu, siku tatu, kilo 9 kila mmoja, ni kilo 81. Farasi mmoja wa mizigo hawezi kuzibeba zote, achilia mbali hema, vyungu na chakula cha watu. Ukiongeza farasi wa nne ili abebe nyasi, naye anataka kula. Ndiyo maana safari za farasi bila malisho ya porini huishia usiku mmoja au mbili, isipokuwa nyasi zimepelekwa kambini mapema kwa gari.

Njia ya kawaida ni kuchanganya. Saa moja ya malisho mazuri humpa farasi takriban nusu kilo hadi kilo moja ya chakula kikavu. Akichungwa kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa tatu jioni, amepata kilo 2.5 hadi 5. Pengo lililobaki lijazwe na peleti au nyasi zilizoshindiliwa, ambazo hula nafasi ndogo kuliko marobota. Peleti humalizwa haraka, na tumbo la farasi halipaswi kukaa tupu usiku kucha, kwa hiyo weka akiba ya nyasi ndefu kwa ajili ya saa za giza hata kama ni kilo 3 tu kwa kila mmoja. Nafaka si mbadala wa nyasi. Inatia nguvu, lakini ikizidi kilo 2 kwa mlo mmoja hupita kwenye utumbo mdogo bila kumeng'enywa na kuchachuka huko mbele.

Nyasi za kubeba zisiwe na mbegu za magugu. Mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kuota palipodondoka samadi, na hivyo gugu la shambani linaanza maisha mapya katikati ya msitu. Mamlaka nyingi za misitu zina masharti juu ya hili, na nyingine hukataza farasi kuchungwa kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga mizigo. Kwa kuwa chakula huchukua hadi siku tatu kutoka mdomoni hadi kuwa kinyesi, anza kumlisha nyasi zisizo na mbegu siku tatu au nne kabla ya kuingia msituni.

Ongeza chumvi, gramu 30 hivi kwa siku kwa kila farasi, na zaidi kidogo akitoka jasho sana. Farasi asiye na chumvi hunywa maji kidogo, na farasi anayekunywa kidogo huku anakula vikavu yuko nusu ya njia kuelekea kwenye msokoto wa tumbo.

Mzigo

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 20 ya uzito wa farasi kwa mpandaji pamoja na tandiko lake. Mzigo mfu uwe mwepesi zaidi, karibu asilimia 15, kwa sababu haujisawazishi kwenye kona wala hauinuki mlimani kama anavyofanya mtu. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 65 hadi 70, ikiwa ni pamoja na tandiko la mizigo.

Mifuko miwili ya pembeni, yaani sogi, ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Tofauti isizidi kilo moja. Ukiona tandiko linalalia upande baada ya nusu saa, usikaze tu mkanda wa tumbo. Hamisha kitu kutoka upande mzito, hata jiwe litasaidia kwenye upande mwepesi. Vizito vikae chini na karibu na mwili wa farasi, vilaini vielekee mbavuni, na sufuria zifungwe kwa nguo zisigongane. Kelele ya bati nyuma ya masikio imewahi kutawanya misafara mizima.

Kabla ya kutandika, piga brashi mgongoni na chini ya mkanda wa tumbo hadi usikute hata jani moja la msonobari. Weka kitambaa cha mgongoni mbele kidogo ya mahali pake, kisha kirudishe nyuma ili nywele zilale upande wake. Kivute juu kiingie ndani ya uwazi wa katikati ya tandiko, kisibane kilele cha mabega. Kaza mkanda kwa awamu mbili, tembeeni dakika 15, halafu simameni mkaze tena. Kituo hiki cha kwanza hakirukwi, kwa sababu farasi wengi hujaza pumzi wanapofungwa na kulegea baadaye.

Farasi wa mizigo akifuata mwenzake, kamba yake isifungwe moja kwa moja kwenye tandiko la aliye mbele. Katikati weka kipande cha uzi wa katani unaokatika kwa mvuto mkubwa. Mmoja akiteleza kwenye ukingo, uzi ukatike, asiwaburute wengine. Na kamba ya kuongozea isizungushwe mkononi kamwe. Ikunjwe mikunjo mipana, uishike katikati.

Njiani

Mlima mkali hupandwa kwa vituo vifupi vya mara kwa mara, farasi akiwa amesimama kukatisha mteremko ili asiendelee kushikilia mzigo kwa miguu ya nyuma. Hesabu mapigo ya moyo kwenye mshipa ulio chini ya taya, sekunde 15 mara nne. Farasi aliyepumzika ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya kupanda, yashuke chini ya 60 ndani ya dakika 10 hadi 15. Yasiposhuka, ondoa mzigo na mpumzike sana, au mpige kambi hapo hapo karibu.

Mkikutana na watembea kwa miguu, waombeni wasimame upande wa chini wa njia na waongee kwa sauti ya kawaida. Farasi akishtuka hukimbilia juu, na mtu aliyejificha kimya juu yake nyuma ya kichaka, na begi kubwa mgongoni, humtisha kama mnyama anayewinda. Kwenye tope lisiloeleweka, shuka kwanza ulipime kwa fimbo. Farasi anayezama hupambana kwa kuruka, na mpandaji huishia chini yake.

Mahali pa kambi

Fikeni mapema, angalau saa tatu kabla ya giza. Kufunga kamba ya juu, kuchunga na kunywesha kunakula muda huo wote.

Tafuta ardhi kavu na ngumu, yenye changarawe au majani makavu mengi, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye mto, ziwa na njia. Hiyo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Mbuga laini karibu na maji inavutia macho, lakini kwato za farasi wanne huigeuza tope kwa usiku mmoja, na hewa baridi inayoteremka mlimani hutuama humo. Bapa dogo juu ya bonde huwa na joto zaidi na umande kidogo. Epuka pia vilele na mti mmoja mrefu uliosimama peke yake, kwa sababu ya radi.

Angalia juu. Mti mkavu au tawi lililokwama kati ya matawi mengine ni sababu tosha ya kuhama, kwa hema na kwa farasi pia. Kisha angalia chini: mawe makali, visiki, waya wa zamani, na mimea. Farasi mwenye njaa aliyefungwa hula asichokigusa akiwa huru. Mti wa yew, wenye majani membamba yasiyopukutika, humuua hata kwa kiasi kidogo, rododendroni ina sumu, na jimbi likiliwa kwa siku nyingi huharibu vitamini B1 mwilini. Msichoweza kukitambua kisiwe ndani ya upeo wa shingo.

Kamba ya juu

Kumfunga farasi kwenye shina usiku kucha ni kosa la upande wa farasi na la upande wa mti. Anazunguka hadi kamba inakwisha, anachuna ganda, anakanyaga na kuchimba mizizi. Kwa kituo cha dakika 20, mti mnene ulio hai unatosha, ukimfunga juu ya usawa wa mabega yake. Kwa usiku, tumieni kamba ya juu. Vifaa ni hivi:

- kamba isiyonyumbuka sana, unene wa milimita 10 hadi 12, urefu wa mita 15 hadi 18;
- mikanda miwili ya kuzungushia miti, upana wa sentimita 5 au zaidi;
- pete au kiungo kinachozunguka kwa kila farasi.

Chagua miti miwili iliyo hai, unene usiopungua sentimita 20, na eneo la kati lisiwe na visiki. Zungusha mkanda kwenye shina kwa urefu wa mita 2.1 au zaidi, juu ya kichwa cha farasi aliyesimama kwa utulivu. Mkanda mpana hausagi ganda. Kamba tupu hulikata hadi kwenye tabaka linalopitisha chakula cha mti. Funga upande mmoja, tengeneza vitanzi vya katikati kwa fundo la kipepeo, kisha kaza upande wa pili kwa fundo la kuvutia lenye kitanzi, kwa nguvu za watu wawili. Kamba italegea farasi wakianza kuivuta, kwa hiyo ikazwe tena baada ya nusu saa.

Kitanzi cha kwanza kiwe mita 2 au zaidi kutoka kwenye mti. Kati ya farasi na farasi acha mita 3, na zaidi kwa wanaopigana. Vitanzi vina kazi kubwa kuliko vinavyoonekana: bila hivyo pete huteleza, na alfajiri unakuta farasi wote wamebanana upande mmoja, kamba zao zimesukana.

Urefu wa kamba inayoshuka ndio unaowashinda wengi. Ikiwa ndefu, farasi anainama, anainua mguu, na kamba inapita nyuma ya kifundo. Akivuta kujiokoa, inamchoma ngozi hadi kwenye kano. Ikiwa fupi mno, hawezi kula wala kujilaza. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito kabisa anaupata akijilaza, na akikosa usiku mmoja atachoka bila kudhurika. Kipimo ni hiki: akiinamisha kichwa, midomo iguse ardhi tu na kamba isilale chini. Ukisita kati ya fupi na ndefu, chagua fupi.

Farasi afungwe kwa mikanda ya kichwani, kamwe si kwa lijamu wala hatamu, kwani akivuta chuma humkata kinywa. Tumia fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na pitisha ncha ndani ya kitanzi chake ikiwa farasi ni mjanja wa kulifungua kwa meno. Kisu kikali kikae mahali pamoja ambapo kila mtu kambini anapajua hata gizani.

Uzio mwepesi wa umeme unafaa kwa farasi wanaoujua. Udhaifu wake mlimani ni ardhi kavu ya mawe, ambayo hupunguza mshtuko. Chomeka fimbo yake ya chuma ya kupitishia umeme ardhini mahali penye unyevu, na usiutegemee peke yake usiku palipo na wanyama wakubwa wa porini wanaoweza kuupasua wakikimbia.

Kuchunga na kunywesha

Wachungeni wakiwa na njaa, jioni na asubuhi, na msiwafungue wote kwa pamoja. Daima mmoja abaki amefungwa, hasa yule anayefuatwa na wengine. Wakiwa wote huru, na mmoja akikumbuka njia ya nyumbani, mtatembea kwa miguu. Pingu za mbele hazizuii safari: farasi aliyezizoea huruka nazo kilomita kadhaa. Zinampunguza kasi, kwa hiyo mtu abaki karibu naye. Kengele shingoni husaidia kujua alipo kwenye ukungu au kichaka. Hamisheni malisho majani yanapofikia nusu ya urefu wake, ili mizizi ibaki na nguvu ya kuchipua.

Kiasi cha maji ni lita 25 hadi 55 kwa siku, na zaidi penye joto na kazi. Watu wachote upande wa juu wa mto, farasi wanywe chini, penye mawe au mchanga usiobomoka. Ukingo ukiwa laini, pelekeni maji kwa ndoo. Ile imani ya kumnyima maji farasi mwenye jasho haina msingi: mwache anywe, kisha mtembeze polepole. Baada ya kushusha mzigo legeza mkanda kwanza, ngoja dakika 10, ndipo uondoe tandiko na kupapasa mgongo wote kwa kiganja. Sehemu yenye joto, uvimbe au nywele zilizosuguliwa leo ni kidonda cha kesho. Rekebisha kitambaa au hamisha mzigo kwa farasi mwingine.

Usiku

Gawa nyasi kidogo kidogo, mara ya mwisho kabla ya kulala, na zitandaze kwa upana ili mmoja asimfukuze mwenzake. Usiku wa baridi ongeza nyasi, si nafaka, kwa kuwa uchachukaji wa nyuzi ndani ya utumbo mkubwa ndio unaompasha joto. Baridi kavu humsumbua kidogo. Mvua yenye upepo humshinda, maana nywele zilizolowa hulala na kuacha kuhifadhi joto. Hapo mfunike kwa turubai jepesi lililozoeleka. Chakula cha watu na cha farasi kifungwe mbali na hema na mbali na kamba ya juu, kwa sababu harufu ya molasi, ile sukari nzito ya maji inayotiwa kwenye chakula cha farasi, huwavuta wanyama wa msituni kama harufu ya nyama inavyofanya.

Kabla ya kulala pita kwa kila farasi: masikio, pumzi, kinyesi kibichi, kamba. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na joto lake ni nyuzi 37.2 hadi 38.3. Ubonye ufizi: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Akipiga ardhi kwa mguu, akitazama ubavu wake, akijilaza na kuinuka mara nyingi, au akikataa nyasi, huo ni msokoto wa tumbo hadi ithibitike vinginevyo. Ondoa chakula, mtembeze taratibu, hesabu mapigo kila dakika 15 na uandike. Mapigo yakizidi 60 akiwa amepumzika, mpigie daktari wa mifugo kwa simu ya setilaiti au mtu ashuke mara moja. Dawa ya maumivu kama fluniksini itumike kwa kipimo cha daktari alichokupa kabla ya safari, ya kutia mdomoni. Fluniksini ya sindano haipigwi kwenye msuli, kwa sababu inaweza kuleta maambukizi mabaya ya msuli.

Kuondoka

Fungua kamba ya juu mwisho, baada ya mizigo mingine yote kuwa tayari. Samadi itawanywe kwa reki au tawi mbali na maji, ili ikauke haraka na isikusanye nzi. Mashimo yaliyochimbwa kwa kwato yajazwe, udongo ukanyagwe, kisha majani makavu yarudishwe juu. Mabaki ya nyasi mlizobeba rudini nayo kwenye gunia. Angalia maganda ya miti miwili ile ukiwa unavua mikanda: ikiwa yamechubuka, mikanda yenu ni myembamba au iliteleza, na safari ijayo iwe mipana zaidi. Mkifika nyumbani wapapaseni farasi tena migongo na miguu siku inayofuata, kwa kuwa uvimbe wa kano na wa tandiko mara nyingi hujitokeza baada ya saa 24.